Yavuyavu wa Unguja na Chupa za Hamburg

Neno yavuyavu lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni pafu, ile nyama nyepesi yenye matundu matundu kama sifongo, ambayo mchinjaji huitoa kifuani mwa ng'ombe, na ambayo ikitiwa majini huelea. Ya pili ni kiumbe wa baharini, asiye na mfupa wala gamba wala damu, mwenye umbo la kawa lililofunika sahani, na chini ya kawa hilo huning'inia minyiri inayowasha. Mtu asiyezaliwa pwani aweza kudhani kwamba maana hizi mbili zimekutana kwa bahati tu, kama zilivyokutana kaa la moto na kaa wa baharini. Sivyo. Mwenye kusimama gatini Malindi asubuhi, bahari ikiwa shwari, akamtazama kiumbe huyu akipita, ataona kawa lake likifumba na kufumbua, likifumba na kufumbua, kwa mwendo ule ule wa kifua cha mtu aliyelala usingizi. Aliyempa jina alimwona akiwa hai.

Watu wa pwani wana majina mengine pia ya viumbe wa namna hii. Huwaita viwavi, na jina hilo hilo hulitumia kwa mdudu mwenye manyoya ambaye akimpitia mtu shingoni humwachia vipele, na hata kwa mmea unaowasha. Jina hili limetoka katika mwasho, wala halihitaji maelezo zaidi. Tena kuna konyeza, neno ambalo kwa umbo halina tofauti na kitenzi cha kukonyeza, yaani kumfumbia mtu jicho kwa ishara. Na mwenye kukumbuka lile kawa linalofumba na kufumbua hataona sababu kubwa ya kuyatenganisha maneno hayo mawili. Ikiwa ni hivyo, katika majina matatu moja limezaliwa na maumivu na mawili yamezaliwa na mwendo. Jambo hili si dogo, kwa kuwa mwendo ndio unaopotea kwanza pale kiumbe huyu anapotolewa majini.

Fikira hizi si za Waswahili peke yao. Wagiriki wa kale, na miongoni mwao Aristotle, walikuwa na kiumbe wa baharini waliyemwita kwa jina la pafu, na wengine waliowaita kwa jina la mmea uwashao. Warumi wakapokea jina la pafu la bahari. Waarabu wao humwita kandili ya bahari. Hivyo nahodha wa Maskati aliyekuja Unguja na kaskazi, na mvuvi wa Tumbatu aliyempisha njia, waliweza kutazama kiumbe mmoja, yule akaona taa na huyu akaona pafu.

Habari ya ajabu kuliko zote ni ile ya Pytheas, Mgiriki wa Massalia, ambaye katika karne ya 4 kabla ya Kristo alisafiri mpaka bahari za kaskazini ya Ulaya. Kitabu chake kimepotea. Yaliyosalia yamo katika maandishi ya wengine, hasa Strabo, ambaye hakumwamini hata kidogo na alimnukuu ili amkanushe. Pytheas alisema kwamba karibu na nchi aliyoiita Thule hapakuwa tena na ardhi, wala bahari, wala hewa, bali mchanganyiko wa vyote vitatu, ulio kama pafu la bahari, ambao mtu hawezi kuukanyaga kwa mguu wala kuupita kwa chombo. Wataalamu wengi wanaona kwamba alikuwa akieleza bahari inayoanza kuganda, vipande laini vya barafu vikipanda na kushuka na wimbi ndani ya ukungu. Mtu wa bahari ya joto, alipokosa neno la kueleza barafu ya baharini, aliazima jina la yavuyavu.

Walakini yavuyavu wa Unguja hakuingia katika vitabu vya elimu kwa njia ya jina lake. Aliingia kwa njia ya chupa.

Mwaka 1888 kijana mmoja Mjerumani, Franz Stuhlmann, mtaalamu wa elimu ya wanyama, alifika Unguja akiwa na nia ya kukusanya viumbe wa Afrika ya Mashariki kwa ajili ya wataalamu wa kwao. Ulikuwa mwaka mbaya wa kusafiri. Sayyid Barghash alifariki mwezi wa Machi, akarithiwa na nduguye Sayyid Khalifa bin Said. Mwezi wa Agosti kampuni ya Wajerumani ikaanza kutawala miji ya mrima kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani, na mara Pangani ikawaka moto. Abushiri bin Salim akaongoza vita vilivyoenea pwani nzima, na kabla mwaka haujaisha manowari za Wajerumani na Waingereza zilikuwa zimeizingira pwani hiyo. Mtu aliyekuja kutafuta wanyama hakuwa na njia rahisi ya kwenda bara. Kisiwa kikawa mojawapo ya nyanja zake. Alikusanya katika miamba iliyo karibu na mji, na kaskazini huko Mkokotoni, ambako maji kati ya Unguja na Tumbatu ni matulivu na mtu aweza kuona mchanga chini ya chombo. Hata mwaka 1890 ndipo alipovuka Bagamoyo pamoja na Emin Pasha kuelekea maziwa makuu, safari iliyompa sifa na kitabu kikubwa cha mwaka 1894. Baadaye alikuwa na sehemu kubwa katika kuanzishwa kwa kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara. Wengi wamkumbukao leo humkumbuka kwa mambo hayo ya bara. Ile kazi ya chupa za Unguja imesahaulika karibu kabisa.

Inafaa kueleza kidogo namna chupa hizo zilivyotumika, kwa sababu humo ndimo lilimo jambo lenyewe. Mwili wa yavuyavu ni maji matupu, zaidi ya sehemu 95 katika 100. Samaki akikaushwa hubaki samaki. Pweza akianikwa hubaki pweza, na bei yake hupanda. Yavuyavu akianikwa juani huacha alama tu juu ya mchanga, kama ute wa yai. Mkusanyaji wa mwaka 1888 alikuwa na spiriti na asidi chache za kukazia nyama. Formalini, ambayo huhifadhi viumbe laini vizuri zaidi, ilianza kutumiwa kwa kazi hiyo mwaka 1893, miaka mitano baadaye. Spiriti hunyonya maji. Kiumbe aliyekuwa na upana wa sahani hunywea, hukunjamana, hugeuka rangi na kuwa mweupe mchafu kama ngozi ya uji uliopoa. Katika hali hiyo alipakiwa merikebuni, akapitishwa Aden na mfereji wa Suez, akafikishwa katika makumbusho ya Hamburg.

Aliyepewa kuwachunguza alikuwa Carl Chun, wakati huo profesa mjini Breslau, mmoja wa mabingwa wakubwa wa viumbe laini wa baharini. Mwaka 1896 alitoa makala yake juu ya viumbe hao wa Afrika ya Mashariki, kwa kutumia mkusanyiko wa Stuhlmann, katika jarida la makumbusho ya Hamburg. Kazi ilikuwa ya hodari. Kutokana na nyama iliyonywea, Chun aliweza kuhesabu mikono, kufuata mifereji ya tumbo, kupima pindo la kawa na kutenga aina moja na nyingine. Mmoja alikuwa mgeni kwa elimu ya wakati ule, naye Chun akampa jina la mkusanyaji. Jina hilo lipo hata leo: Crambionella stuhlmanni. Ni yavuyavu mnene, mwenye mikono minane mizito chini ya kawa, asiye na ile minyiri mirefu ya pembezoni inayoogopwa na waogeleaji.

Hapana haja ya kumlaumu Chun. Kanuni za kuwapa viumbe majina ya Kilatini zilidai maelezo ya mwili na zikasifu kuwapo kwa kielelezo katika makumbusho. Hazikudai jina analoitwa na watu wanaoishi naye. Yeye mwenyewe alipata kuiona pwani hii baadaye, alipoongoza safari ya merikebu Valdivia ya mwaka 1898 na 1899, iliyotia nanga Dar es Salaam; lakini nyavu zake safari ile zilitafuta viumbe wa vilindi, mbali na miamba ya wavuvi. Pamoja na hayo yote, ukweli unabaki kwamba mtaalamu aliyemweleza kiumbe huyu hakupata kumwona akipumua. Mashua iliyomvua ilikuwa na mabaharia, na mabaharia walikuwa na neno lililoeleza jambo hasa ambalo spiriti haikuweza kulihifadhi. Neno hilo halikuwekwa chupani.

Huenda msomaji akasema kwamba desturi ya zama zile ndiyo iliyokuwa hivyo, na mtu hahukumiwi kwa desturi isiyokuwapo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama desturi nyingine isingekuwapo kabla yake. Ilikuwapo, tena katika bahari ile ile ya pepo za misimu. Zaidi ya miaka 120 kabla ya Stuhlmann, mfalme wa Denmark alituma msafara wa wataalamu kwenda Misri, bahari ya Sham na Yemen. Miongoni mwao alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus na mjuzi wa Kiarabu. Forsskål alifariki kwa homa katika mji wa Yarim, Yemen, mwaka 1763, na karibu wenzake wote walifariki katika safari ile. Aliyerudi hai ni Carsten Niebuhr peke yake, naye ndiye aliyechapisha kazi ya marehemu mwaka 1775. Katika kitabu hicho samaki wengi wamepewa majina ya Kilatini yaliyotokana na vinywa vya wavuvi wa Kiarabu. Lutjanus bohar, yule samaki mwekundu anayevuliwa pia katika maji ya Unguja, analo neno la Kiarabu ndani ya jina lake. Kadhalika Acanthurus sohal, Hipposcarus harid, na hata jina la kundi zima, Abudefduf, ambalo halijajificha hata kidogo. Forsskål ndiye pia aliyeandika habari za yule yavuyavu anayelala chali chini ya maji ya mikoko, kawa likiwa chini na mikono juu, ambaye leo huitwa Cassiopea andromeda. Basi njia ilikwisha onyeshwa. Aliyejua lugha ya wavuvi aliingiza maneno yao katika elimu ya ulimwengu, na maneno hayo hayajaondoka mpaka leo.

Ili kuona Unguja ilikosa nini, inafaa kuutazama upande wa pili wa dunia, kwenye zile bahari za baridi ambako Pytheas alikosa neno. Huko yuko yavuyavu mkubwa kuliko wote wajulikanao, Cyanea capillata, ambaye Waingereza humfananisha na manyoya ya shingo ya simba. Haji Unguja wala hawezi kuja, kwa kuwa hukaa katika maji ya baridi ya kaskazini ya Atlantiki na Pasifiki na pembezoni mwa bahari ya barafu, na bahari ya Unguja haishuki sana chini ya digrii 25. Kawa lake lina rangi ya udongo mwekundu au ya zaafarani iliyokolea, na chini yake ana minyiri mamia, membamba kama nywele. Linnaeus alimwandika mwaka 1758 kwa jina lenye maana ya mwenye nywele. Péron na Lesueur wakalifanya kundi la Cyanea mwaka 1810. Wanorwei humwita kwa jina lenye maana ya kuunguza, na hapo mvuvi wa Norwei na mvuvi wa Unguja wanaelewana bila mkalimani.

Tofauti ya kiumbe huyu na wenzake wa Unguja ni kwamba alikuwa na majirani walioandika. Katika pwani ya magharibi ya Norwei aliishi kasisi mmoja, Michael Sars, ambaye tangu mwaka 1831 alihudumia wavuvi wa kisiwa cha Kinn, na baadaye parokia ya Manger. Hakuwa na chuo wala merikebu. Alikuwa na bahari mlangoni, vyombo vya kuwekea maji, na subira. Aliwatazama viumbe wadogo walioshika jiwe kama maua, akawaona mwili wao ukijikata pingili pingili kama sahani zilizopangwa moja juu ya moja, kisha kila sahani ikajing'oa, ikaanza kufumba na kufumbua, ikaenda zake. Kwa kuwatazama hivyo alithibitisha, katika maandishi yake ya mwaka 1841, kwamba yavuyavu na kile kijiua cha jiweni ni kiumbe mmoja katika nyakati mbili za maisha yake. Na mmoja wa viumbe aliowaeleza alikuwa huyu Cyanea capillata. Chupa ya spiriti isingeweza kamwe kumwonyesha jambo hilo. Upande wa pili wa Atlantiki, Alexander Agassiz aliandika mwaka 1865 juu ya mmoja aliyepimwa katika ghuba ya Massachusetts, mwenye kawa la upana wa zaidi ya futi 7 na minyiri ya zaidi ya futi 120. Hata waandishi wa hadithi walimshughulikia. Arthur Conan Doyle, mwaka 1926, alimfanya Sherlock Holmes afumbue fumbo la kifo katika pwani ya Sussex, na muuaji akawa ni huyu. Hadithi imetia chumvi, kwani kuumia kwake ni kukubwa lakini mauti ni nadra sana.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba elimu ya kaskazini haikukosea. Kwa miaka mingi vitabu vya huko viliwashauri walioumizwa na Cyanea waoshe mahali hapo kwa maji ya bahari na kuweka barafu. Mwaka 2017 watafiti wa Ireland na Hawaii walipima shauri hilo, wakakuta kwamba linaongeza madhara, na kwamba siki ikifuatwa na maji ya moto ya digrii kama 45 ndiyo yenye kufaa. Vifuko vya sumu vilivyo katika minyiri havifi pamoja na kiumbe. Husubiri kuguswa, na kuvisugua ni kuviamsha. Siki haikosekani katika jiko lolote la Mji Mkongwe.

Unguja nayo ilipata baadaye watu waliokaa na kutazama, walau kwa muda. Mwaka 1901 na 1902 Cyril Crossland alikusanya viumbe katika miamba ya kisiwa, pamoja na ghuba ya Chwaka, akichora na kuandika rangi za baadhi yao wakiwa bado hai. Konokono wasio na kombe aliowapata walielezwa na Sir Charles Eliot, ambaye wakati huo huo alikuwa akiitawala Kenya ya leo kwa niaba ya Mwingereza. Ni nadra mtawala wa mamilioni ya watu kupata nafasi ya kuhesabu mashavu ya konokono, na huenda baadhi ya raia wake wangependa angeshughulika na konokono zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 likaanzishwa Unguja shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari la Afrika ya Mashariki. Humo J. H. Wickstead alipima wingi wa viumbe wadogo waeleao katika maji ya Unguja, na matokeo yakachapishwa mwaka 1963. Shirika hilo lilikwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1977, na mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari huko huko, Mizingani, ikiitazama bandari. Katika kazi hizi zote samaki walitangulia, na haki yao kutangulia, maana watu hula samaki. Yavuyavu alikuwa taka ya wavu. Wavu wenyewe humrarua, na kilichoraruliwa hakihesabiki.

Sasa swali limekuja ambalo zamani halikuulizwa. Tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje na Jambiani, na baadaye wa vijiji vingine vingi, wamekuwa wakilima mwani katika maji ya kiunoni, wakishinda humo muda wote wa maji kupwa wakati wa bamvua. Wageni nao hujaza fukwe. Watu wengi wako majini kwa saa nyingi kuliko zamani, na wakiwashwa husema. Wengine hudai kwamba mayavuyavu wameongezeka. Kwamba kasa, ambao baadhi yao huwala, wamepungua kwa kuvuliwa. Kwamba bahari imezidi joto. Kila dai lina sura ya kweli. Jirani zao wa Ghuba ya Oman walipata kuona, mwaka 2002 na 2003, wingi mkubwa wa Crambionella orsini, ndugu wa karibu wa yule mwenye jina la Stuhlmann, hata nyavu za wavuvi zikaelemewa. Lakini neno "wameongezeka" ni neno la historia. Lataka idadi ya jana ili ilinganishwe na ya leo.

Mwaka 2013 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikusanya kumbukumbu ndefu za viumbe hawa ulimwenguni na kukuta kwamba wingi wao hupanda na kushuka kwa zamu ya miaka kama 20, hata kipindi cha kupanda huweza kudhaniwa kuwa ni ongezeko lisilo na mwisho. Kumbukumbu hizo nyingi ni za nusu ya kaskazini ya dunia, yaani za bahari zilizo na akina Sars. Kutoka Unguja ya mwaka 1888 zimebaki chupa. Makumbusho ya Hamburg yaliteketezwa kwa mabomu mwezi wa Julai 1943, ila mkusanyiko wa spiriti kwa sehemu kubwa ulisalimika kwa kuwa ulikwisha hamishwa. Chupa ikaishi kuliko jumba. Chupa huthibitisha kwamba kiumbe fulani alikuwapo. Haisemi kama siku ile walikuwa watatu au kama bahari yote ilikuwa nyeupe.

Ushahidi mwingine uliosalia ni ule wa majina, nao haujachunguzwa inavyostahili. Waliouhifadhi ni watunzi wa kamusi. Steere alikusanya maneno yake Unguja kwenyewe na kutoa kitabu mwaka 1870. Sacleux, padri aliyekuwa pia mjuzi wa mimea, aliishi pwani hii miaka mingi, na kamusi yake kubwa ikatoka Paris mwaka 1939, mwaka ule ule ilipotoka ile ya Johnson. Lakini desturi ya kamusi ni kulifasiri neno moja kwa neno jingine. Yavuyavu, kiwavi na konyeza yakifasiriwa yote kwa jina moja la Kizungu, hugeuka kuwa maneno matatu ya kitu kimoja, na mwanafunzi hudhani kwamba lugha ina utajiri wa bure. Mvuvi hana utajiri wa bure. Akiwa na majina matatu, aghalabu ana vitu vitatu.

Mambo haya yaweza kupimwa. Katika bahari hii yuko yule anayeelea juu ya maji kwa puto la buluu na kusukumwa na upepo, Physalia, mwenye minyiri mirefu yenye sumu kali. Huyu hafumbi wala hafumbui, na kwa elimu si yavuyavu halisi bali ni kundi la viumbe walioungana. Yuko Cassiopea wa mikokoni, ambaye hufumba na kufumbua akiwa amelala mahali pamoja, wala haendi. Na yuko yule mnene wa Stuhlmann, anayekwenda kwa nguvu ya kawa lake na kuwasha kidogo. Ikiwa majina yamefuata mwendo na mwasho, kama yanavyoonyesha maana zake, basi Physalia haitwi yavuyavu na wazee wa Nungwi na Makunduchi, bali kiwavi. Na mikokoni Chwaka neno la kukonyeza litakuwa na mahali pake. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili na mmoja wa sayansi za bahari, wakiandamana na wavuvi kwa msimu mmoja wa kaskazi, wakiwa na ndoo nyeupe na daftari, waweza kumwuliza mvuvi jina la kila mmoja akiwa bado yumo majini, anafumba na kufumbua, kabla ya kufungua chupa.